Mchwa wa Mama Mkwe

Mimi ni mtu ambaye picha ikipinda ukutani kwa jirani siwezi kumaliza chai. Nilizaliwa hivyo. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na ameona magonjwa mengi, anasema hili langu halina dawa. Kwa hiyo usishangae nikikuambia kwamba niliwahi kushughulikia uzito wa zimwi moja la karatasi kwa makini kuliko watu wanavyoshughulikia bei ya shamba.

Nina duka dogo la kuchapa na kunakili karatasi pale Nyamache. Siku za soko kuna kazi, siku nyingine kuna mvua. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, fundi viatu wa jirani huhamia kwangu na kigoda chake, na wengine wawili watatu humfuata. Hapo ndipo tulipoanza kucheza mazimwi kwenye simu. Kila mchezaji ana kikosi cha mazimwi, anayapambanisha na ya mwenzake moja baada ya jingine, na atakayebaki na zimwi lililo hai ndiye mshindi. Shida ni kwamba sote tulikuwa na zimwi lilelile, joka fulani lenye mabawa ya moto, kwa sababu hakuna jingine lililoliweza. Ukitazama pambano moja umeyatazama yote.

"Boss, hii si game," fundi viatu aliniambia siku moja, akiweka simu kando na kuchukua sindano yake. "Hii ni joka yangu kuangalia joka yako."

Maneno hayo yaliniwasha. Nikasema tutatengeneza mchezo wetu. Nilichora mazimwi kwenye kompyuta ya duka, nikayachapa kwenye karatasi ngumu za manila, nikaandika juu ya kila kadi uhai wa zimwi, nguvu ya pigo lake na tabia yake moja. Halafu nikaja kwenye swali ambalo ndilo mchezo wenyewe: utamzuiaje mtu asibebe majitu matupu? Jibu nililipata utotoni. Sisi sote tumekua tukibeba majani ya chai mgongoni mpaka kituo cha kuuzia, na sote tunajua kwamba mizani haina undugu. Basi kila zimwi nikalipangia kilo zake. Jitu la Radi kilo kumi na mbili, Kifaru wa Mawe kilo tisa, Nyoka wa Mtoni kilo sita, hivyo hivyo kushuka. Kikosi kizima kisizidi kilo ishirini. Ukimtaka Radi, mchukue, lakini mengine yatakuwa vyura.

Chini kabisa niliweka Mchwa, kilo moja. Uhai wake ni mmoja, pigo lake halifiki popote, tabia yake ni moja tu: akiuawa humng'ata aliyemuua, na uhai ulioumwa haurudi. Nilimweka ili mtu akibakiwa na kilo moja asikose cha kubeba. Pale dukani hakuna aliyemjali. Wanaume wa Nyamache hawawezi kuonekana wakipeleka mchwa vitani.

Mambo yalikuwa hapo mama mkwe alipoletwa nyumbani kwangu.

Hakutaka kuja, na nisingemlaumu. Ni mjane, anaishi Sironga, huko Nyamira, na chai yake, migomba yake na ng'ombe mmoja mkorofi. Ana ugonjwa wa sukari. Jembe lilimkwaruza mguu wa kushoto, mkwaruzo ukawa kidonda, kidonda kikakataa kupona. Daktari mjini Kisii alimvuta mke wangu kando akamwambia kwamba kidonda kile kikikosa kusafishwa kila siku, na mama akiendelea kukanyaga matope ya shambani, mguu utakatwa chini ya goti. Mke wangu hakuuliza mtu. Alimkabidhi shemeji mmoja yule ng'ombe, akamleta mama Nyamache ili amsafishe kidonda kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Sisi Wakisii tuna kitu tunachokiita chinsoni, ile heshima na haya inayowatenga mzazi na mtoto, na zaidi ya wote mtu na wakwe zake. Mama wa mke wangu simshiki mkono, sili naye meza moja, simtazami usoni. Babu na mjukuu wanaweza kutaniana mpaka mbavu ziume, ila mimi na yeye hata kupishana mlangoni ni shughuli. Na mama kulala kwa mkwe wake, jambo hilo wazee hata hawakulitungia kanuni, kwa sababu hawakudhani mtu angelifanya.

Tulimpa chumba kilichoshikana na jiko, ambalo liko nje ya nyumba kubwa. Mimi nikawa mtu wa kukohoa. Nilikohoa langoni, nikakohoa uani, nikakohoa kabla ya kwenda bombani, ili ajue nilipo na ajifiche. Majirani walidhani nina kifua. Yeye naye alikuwa hanywi maji mchana, mke wangu akaniambia, ili asilazimike kuvuka uani kwenda chooni nikiwepo. Mgonjwa wa sukari, hanywi maji kwa sababu yangu! Niliona aibu kama vile nimemfungia bomba.

Kwa kuwa sikumtazama, nilimjua kwa masikio. Kutoka jikoni mpaka bombani nilisikia hatua moja nzito na moja ya kuburuta. Nzito, ya kuburuta. Nilikuwa nikisikiliza ile ya kuburuta kila asubuhi, nikiomba Mungu iwe fupi kuliko ya jana. Na kila baada ya siku chache mke wangu alikuja chumbani akiwa amekasirika na kuniambia mama amefunga tena mkoba wake.

"Anasema yeye si mtoto wa kulelewa kwa watu. Anasema akafie kwake."

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa niambie, mama mkwe mwenye kidonda utampa jembe gani? Alikuwa amekaa bure tangu alipofika, na mtu aliyezoea kuchuma chai tangu jua halijatoka, kumkalisha bure ni kumwonea. Nilimhurumia sana mama yule, na sikuwa na njia ya kumwambia.

Jioni nilikuwa nikijaribu sheria zangu mpya na mke wangu, mezani, kabla ya chakula. Yeye hakupenda mazimwi, alinivumilia tu, na nilimshinda kila mara mpaka mchezo ukakosa ladha. Halafu kikaanza kitu cha ajabu. Kila zamu yake ilipofika, aliinuka akaenda kutazama ugali. Akirudi, anaweka kadi ya maana. Anaenda tena, anarudi, anaweka nyingine. Ugali wa kutazamwa mara nyingi namna ile ungekuwa tofali. Nilipotega sikio nikasikia sauti ya chini jikoni ikiuliza, kwa Kigusii:

"Na yeye ameweka gani?"

Ningesema neno, mchezo ungekufa palepale. Nilijifanya mjinga, na kwa hilo sihitaji mazoezi mengi. Kuanzia jioni ile mke wangu alikuwa miguu tu, na akili ilikuwa jikoni. Siku mbili tatu baadaye tuliacha hata kujifanya. Meza ndogo iliwekwa kwenye mlango wa nyumba kubwa, mke wangu akakaa katikati akipeleka kadi na maneno. Mama hakunitaja kwa cheo chochote. Nilikuwa "mwenye nyumba".

"Mwambie mwenye nyumba, hayo mazimwi si mashetani? Mimi ni mtu wa kanisa."

"Mwambie mama ni wanyama tu, nimewapa majina ya kutisha."

"Mwambie basi angewapa majina mazuri."

Alicheza siku kadhaa akishindwa, akiuliza maswali. Halafu jioni moja akaleta kikosi ambacho mke wangu alikiweka mezani akiuma midomo ili asicheke. Kilikuwa Mchwa. Mchwa ishirini. Kadi zangu hazikutosha, wengine walikuwa vipande vya gazeti vilivyokatwa na kuandikwa. Nilikuwa na Radi, fahari yangu. Radi akaua mchwa wa kwanza, akang'atwa. Akaua wa pili, akang'atwa. Nilitazama uhai wake ukiliwa kidogo kidogo kama nguzo ya nyumba ya udongo, mpaka jitu la kilo kumi na mbili likaanguka, na nyuma yake vyura wangu, na upande wa pili bado kulikuwa na mchwa.

Ndipo nikasikia mama mkwe akicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, hata siku ya harusi yetu. Kilikuwa kicheko cha msichana, kirefu, kikakatwa ghafla alipokumbuka yuko wapi. Nilifurahi mpaka machozi yakanilenga, na ninasema hivyo bila haya.

Lakini nimeshakueleza ugonjwa wangu. Usiku sikulala kwa sababu ya wale mchwa. Sheria yangu ilisema kilo ishirini, haikusema mtu asirudie zimwi. Pengo kubwa namna ile, na mimi ndiye fundi! Asubuhi nikachapa dukani kijikaratasi safi, chenye mstari mmoja: Hairuhusiwi kurudia zimwi katika kikosi. Jioni nikampa mke wangu akipeleke jikoni, nikakaa mlangoni nikingoja kusifiwa.

Hakuna neno lililorudi. Nilidhani amechoka.

Kulipokucha nikasikia hatua nzito na ya kuburuta, lakini hazikwenda bombani. Zilikwenda langoni. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda, leso kichwani, mkoba mapajani, mgongo kwetu, akingoja gari la kumfikisha Kisii apate la kwenda Nyamira. Kidonda chini ya bendeji kilikuwa bado kibichi. Mke wangu aliingia chumbani akafunga mlango taratibu, na akifunga mlango taratibu ujue umekwisha.

"Umemkataza mama."

"Nimemkataza nini? Nimerekebisha mchezo."

"Umemwandikia hairuhusiwi. Ndani ya nyumba yako. Mkwe akikukataza kitu kwake, amekwambia nini? Si amekwambia uende?"

Alikuwa sahihi kabisa. Mkwe hakatazi. Mkwe huomba, tena huomba kupitia mtu, tena kwa kuzunguka. Ningekuwa nimemwandikia fundi viatu hairuhusiwi, angenitupia kiatu na mambo yangeisha. Lakini yule bibi pale langoni hakuwa na kiatu cha kunitupia. Alichokuwa nacho ni kuondoka, na akiondoka, mguu umekwenda.

Kumwomba radhi nisingeweza, maana kwanza ningelazimika kumsemesha. Kukifuta kijikaratasi kusingesaidia pia, angeona anahurumiwa, na kuhurumiwa na mkwe ni kubaya kuliko kukatazwa. Nilizunguka chumbani nikikohoa kwa mazoea. Mwishowe nikamwambia mke wangu:

"Mwambie mama hivi. Mwambie mizani yangu imeharibika. Mchwa nimeshindwa kumpima. Yeye amepeleka majani kwenye kituo miaka mingi, anajua mizani ikidanganya inarekebishwaje. Namwomba anipimie."

Alikwenda. Kutoka dirishani niliona mgongo wa mama tu. Gari likaja, likapiga honi, likangoja. Mama hakugeuka, wala hakuinuka. Gari likaenda. Ndipo nikasikia sauti yake, kali, ikimwambia binti yake kwa nguvu ya kutosha ili nami nisikie:

"Mwambie mwenye nyumba mchwa hawakatazwi. Ni nani amewahi kuwakataza mchwa? Kwani kuku hana?"

Nilikimbilia dukani bila kunywa chai.

Basi Kuku akazaliwa, kilo mbili, tabia yake kumeza mchwa bila kung'atwa. Kile kijikaratasi nilikichana mwenyewe. Mtu akitaka kuleta mchwa ishirini na alete, ila ajue mwenzake anaweza kuwa na kuku. Niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa kukata na kukataza kwangu kote: ukipiga zimwi marufuku, mchezo unapungua, lakini ukilitafutia adui, mchezo unaongezeka.

Usidhani mama alipatia mara moja. Kuku wake alikuwa balaa. Alimeza mchwa, akameza chura, akameza kinyonga, na wiki moja baadaye pale dukani kila kikosi kilikuwa banda la kuku.

"Boss, tumerudi kwa joka," fundi viatu alilalamika. "Ni vile tu hii iko na manyoya."

Nikampelekea mama malalamiko hayo, kwa kuzunguka, kupitia mke wangu. Alifikiri siku nzima. Jibu likaja: mwewe. Nikamchora Mwewe. Mwewe naye akawa hashikiki, kwa sababu mazimwi ya ardhini hayamfikii. Mama akafikiri tena, akasema asubuhi za Sironga ukungu ukishuka kwenye chai hata mwewe hukaa mtini, haoni kitu. Nikachora Ukungu, kilo tatu, na ukishuka, wenye mabawa hukosa zamu. Tulibishana juu ya zile kilo tatu mpaka mke wangu akatishia kutuacha tutazamane ana kwa ana.

Siku zikapata umbo. Asubuhi kidonda kilisafishwa. Mchana mama alinyoosha mguu juu ya kigoda na kupanga vikosi, na mke wangu aliniambia sasa anaitisha maji mwenyewe, kwa sababu koo linamkauka kwa kutoa amri. Jioni tulicheza mlangoni. Ijumaa jua likizama kadi ziliwekwa kabatini, maana sisi ni Wasabato na hata Mwewe hupumzika, na Jumamosi jua likizama sauti ya kwanza kutoka jikoni ilikuwa "Mwambie mwenye nyumba..." Hakufunga mkoba tena. Ile hatua ya kuburuta ikaanza kufupika.

Sasa nitakuambia nilichokificha. Baada ya Ukungu, mchezo ulikuwa sawa. Nilijua siku ileile. Pale dukani watu wanne walikuja na vikosi vinne tofauti, na kila mmoja alilalamika kwa kiasi kilekile, na hakuna dalili bora kuliko hiyo. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilikunja uso, kwa sababu kidonda kilikuwa bado hakijafunga, na mama akisikia kazi imekwisha, angefunga mkoba. Kwa hiyo mimi, mtu wa picha zilizopinda, nikaanza kupinda picha kwa makusudi. Jioni moja nilimtuma mke wangu aseme Nyoka wa Mtoni amenizidi akili. Jioni nyingine nikasema namwona Kifaru ni mwepesi mno. Mama alinikubalia kila mara. Tena na yeye alileta zake: Chura anaonewa, Kinyonga hana haki. Tukarekebisha, tukarudisha palepale, tukarekebisha. Mke wangu alipita katikati yetu na kadi akitutazama kwa zamu.

Kidonda kilifunga. Daktari mjini Kisii akakitazama, akasema mguu umebaki wa mwenyewe. Mama akarudi Sironga kwa chai yake na kwa ng'ombe wake, ambaye shemeji alimrudisha kwa furaha kubwa. Nyumba yetu ikawa kimya, na mimi bado nilikuwa nikikohoa nikifika langoni.

Tulikwenda kumsalimia mvua za masika zilipopungua. Nilikaribishwa sebuleni kwake peke yangu, kama inavyompasa mkwe, nikaletewa ugali na kuku, na mama akabaki jikoni. Nilipomaliza kunawa, mke wangu akaingia na meza ndogo, akaiweka mlangoni. Juu yake akapanga kadi zangu za manila, zimechakaa ncha, zikinuka moshi. Nikapanga kikosi. Nilipokuwa nikisita juu ya Nyoka, sauti ikatoka jikoni, si kali safari hii.

"Mwambie mwenye nyumba, sheria zilikuwa sawa tangu Ukungu. Nilijua. Na nilijua kwamba anajua. Lakini mtu hawezi kukaa kwa mkwe wake bila kazi. Mwambie asante kwa ile kazi."

Mke wangu alinigeukia kunipa ujumbe, kana kwamba sikuusikia, akashindwa kuusema. Nilitazama kadi.

Mama hakungoja jibu, maana kati yetu majibu si ya kungojwa. Nilisikia mlango wa jikoni ukifunguliwa, kisha akipita uani nyuma ya dirisha kwenda kumtazama ng'ombe. Sikuinua macho. Nilisikiliza tu, kwa mazoea, hatua zake kwenye changarawe. Ya kulia, ya kushoto. Ya kulia, ya kushoto. Zilikuwa na uzito mmoja.

"Mwambie acheze," akapaza sauti kutoka zizini. "Zamu ni yake."